Somo: Baiskeli Kuukuu ya Milimani Yenye Springi Mbele na Nyuma, Uiboreshe au Uiache?

Swali hili huzaliwa mtu akishapanda baiskeli mpya ya mwenzake kwa dakika chache. Akirudi kwenye yake anaiona fupi, nzito, inayopapatika kwenye mteremko, na wazo la kwanza ni kununua foku mpya, yaani uma wa mbele wenye springi. Katika somo hili foku tutaiweka mwisho kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Nazungumzia baiskeli za miaka ya 2000 hadi 2013 hivi: magurudumu ya inchi 26, sproketi tatu mbele, shokapu moja nyuma. Msimamo wangu ni huu. Kinacholika kwa matumizi, kama tairi, mnyororo na pedi za breki, kinunue bila kusita. Kinachoweza kuhamia kwenye baiskeli nyingine, kinunue ukipenda. Kile kitakachofia kwenye fremu hii tu, kifikirie mara mbili, kisha mara ya tatu.

Hatua ya 1: Osha, kausha, tafuta ufa

Ioshe fremu hadi tope la kwenye maungio litoke, kisha ipitie kwa tochi na kitambaa chepesi. Chunguza kwa makini pale bomba la chini linapoungana na bomba la shingo, kuzunguka tundu la krenki (mikono inayoshika pedali), mahali shokapu inapofungwa, juu ya bomba la siti karibu na kibanio, na mikono ya nyuma jirani na ekseli. Mstari kwenye rangi huenda ni mkwaruzo tu. Lakini kitambaa kikinasa nyuzi zake, au mstari ukifuata ukingo wa weldi, hesabu kwamba ni ufa.

Methali ya kuziba ufa haisaidii hapa. Alumini huchoka kwa kila mtikisiko, hata mdogo, na joto la kuichomelea huondoa ugumu ambao bomba lilipewa kiwandani, kwa hiyo ufa mwingine hutokea kando ya weldi mpya. Fremu ya kaboni igonge kwa sarafu: sauti ikiwa kavu kote halafu ikafifia mahali pamoja, huenda matabaka yameachana. Ukikuta ufa, okoa vipuri, fremu istaafu. Hatua zinazobaki hazikuhusu.

Hatua ya 2: Viungo vya nyuma

Shika siti, inua baiskeli taratibu. Ukihisi "tok" kabla gurudumu la nyuma halijaacha ardhi, kuna kilicholegea, ama bushi za shokapu ama beringi za viungo. Kujua ni kipi, fungua shokapu uitoe, kisha uchezeshe mkono wa nyuma juu na chini, halafu kushoto na kulia. Unatakiwa ushuke kwa uzito wake wenyewe, laini, bila kusaga wala kuyumba.

Habari njema ni kwamba beringi nyingi za viungo ni za kawaida za mashine, zenye namba ubavuni, kwa mfano 6902, yaani 15 kwa 28 kwa 7 mm. Nunua kwa namba hiyo, usihangaike na jina la baiskeli. Habari mbaya ni bolti na ekseli ndogo za viungo, ambazo kila kiwanda kilijitengenezea za kwake. Zikiwa zimeliwa na hazipatikani tena, kuna uwezekano wa kuchongesha kwa fundi wa mashine, lakini hapo ndipo mimi huanza kusita.

Hatua ya 3: Huduma kabla ya ununuzi

Watu wengi huhukumu springi ambazo hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani. RockShox, kwa mfano, hutaka mafuta ya miguu ya chini ya foku yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha. Saa 50 si nyingi hata kidogo kwa mtu anayeendesha kila wiki! Mafuta yakikauka na sili zikizeeka, foku hukwama kwenye mashimo madogo, na mwenye nayo husema "imepitwa na wakati" kumbe ina kiu tu.

Badilisha sili na mafuta, mbele na nyuma. Kisha panga upepo upya. Vaa unavyovaa safarini, telezesha kipete cha mpira hadi kwenye sili ya shokapu, kaa polepole bila kudunda, shuka, pima kipete kilivyosogea. Nyuma unatafuta asilimia 25 hadi 30 ya urefu ambao shafti ya shokapu hutembea. Shafti inayotembea mm 50 izame kati ya mm 12.5 na 15. Mbele, asilimia 15 hadi 20 inatosha. Endesha hivyo wiki mbili tatu kabla ya kuamua lolote. Wapo wanaoishia hatua hii, na wanaishia kwa furaha.

Hatua ya 4: Pima kila tundu

Hii ndiyo hatua inayotenganisha ndoto na uwezekano, kwa sababu vipimo vya baiskeli za milimani vimebadilika karibu kila sehemu. Chukua kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo) na karatasi.

Anza na shingo. Fremu za zamani zina bomba la shingo lililonyooka, la kupokea foku yenye bomba la inchi 1 na 1/8 juu hadi chini. Foku nyingi bora za sasa zina bomba linalopanuka hadi inchi 1.5 chini. Kwenye shingo ya kipenyo cha ndani cha mm 34 foku hiyo haiingii. Zipo shingo zenye mm 44, na hizo hukubali kwa kuvikwa hedseti (beringi za shingo na vikombe vyake) yenye kikombe cha chini kinachokaa nje.

Kisha ekseli. Ya mbele ya zamani ni ya kibanio cha haraka, upana mm 100. Leo ni ekseli ya kupenya ya mm 15 yenye upana wa 110. Nyuma ilikuwa 135, ikaja 142, sasa 148. Ina maana kwamba foku mpya inadai habu (kitovu cha gurudumu) mpya ya mbele, habu mpya inadai gurudumu jipya, na kwa kuwa foku nyingi mpya ni za inchi 27.5 au 29, gurudumu hilo halitalingana na la nyuma. Ulikusudia kununua kitu kimoja, umenunua vitatu, na hakuna hata kimoja kilichorefusha fremu yako. Ndiyo maana foku imekaa mwisho.

Pima shokapu toka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya lingine, pamoja na urefu ambao shafti yake hutembea. Kabla ya mwaka 2016 shokapu zilifuata inchi, kama 190 kwa 51 au 200 kwa 57 ukizigeuza kuwa mm. Baadaye vikaja vipimo vya mm kamili, kama 210 kwa 50, na havibadilishani. Mwisho, kipenyo cha mlingoti wa siti: 30.9 na 31.6 vina machaguo mengi ya mlingoti unaoshuka kwa kitufe, 27.2 vipo, ila vichache.

Hatua ya 5: Umbo, ambalo halinunuliki

Pembe ya shingo kwenye baiskeli nyingi za enzi hizo ni nyuzi 68 hadi 71. Baiskeli za leo za njia za milimani ziko kwenye 64 hadi 66. Zaidi ya hapo fremu mpya ni ndefu kutoka tundu la krenki hadi shingo, na siti husimama wima zaidi, ndiyo sababu hupanda vilima bila gurudumu la mbele kuinuka. Hakuna kipuri kitakachokupa hayo yote. Hedseti ya pembe hulaza shingo kwa nyuzi 1 au 2, lakini nyingi zinahitaji shingo pana.

Unachoweza kufanya ni kufupisha stemu (kipande kinachounganisha hendeli na shingo) kutoka mm 100 hadi 60 au 50, na kupanua hendeli kutoka 640 hadi 740 hivi. Usukani unatulia papo hapo. Kama fremu ni ndogo kwako, stemu fupi itakubana magoti. Jaribu ya kuazima kwanza.

Hatua ya 6: Mpangilio wa matumizi ya pesa

Tairi kwanza, pana kadiri fremu inavyoruhusu, 2.3 au 2.4 zenye mpira laini mbele. Kisha breki: pedi mpya, kutoa hewa, diski ya mm 180 mbele kama foku inaruhusu. Angalia maandishi kwenye breki kabla ya kuongeza maji yake, maana za DOT na za mafuta ya madini zina sili tofauti na ukichanganya umeziua. Halafu stemu na hendeli, halafu mlingoti unaoshuka, ambao kwa maoni yangu hubadilisha uendeshaji kuliko gia zote duniani. Gia zifuate, na foku mwisho kabisa.

Jumlisha. Jumla ikizidi nusu ya bei ya baiskeli iliyotumika yenye umri wa miaka mitano sita na umbo la kisasa, mimi husimama. Nusu si sheria ya mtu yeyote, ni mahali nilipochora mstari.

Maswali ya wanachama

*Swali: Fundi, naweza kuweka magurudumu ya 27.5 kwenye fremu ya 26?*

Jibu: Wakati mwingine. Rimu ya 26 ina kipenyo cha mm 559, ya 27.5 ni 584, kwa hiyo ukingo unasogea mm 12.5 tu. Tatizo ni nafasi. Toa upepo wote kwenye shokapu, kandamiza mpaka mwisho, uone kama tairi linagusa bomba la siti au daraja la mikono ya nyuma. Fanya vivyo hivyo mbele, tairi lisifike chini ya taji la foku. Kisha angalia nafasi ya pembeni. Lisipobaki na mm 6 hivi kila upande, acha. Breki za diski hazitakusumbua. Za kubana rimu hazitafika.

*Swali: Nina gia 3 kwa 9. Nataka sproketi moja mbele bila kubadilisha gurudumu. Inawezekana?*

Jibu: Inawezekana, na ni katika mabadiliko yanayolipa. Habu yako ya Shimano ya gia 9 hupokea kaseti (rundo la sproketi za nyuma) za gia 10 na 11 za milimani zinazoanza na meno 11. Ipo hata ya 11 kwa 51. Utahitaji kibadilisha gia cha nyuma chenye klachi (inayozuia mnyororo kupwaya), swichi yake, mnyororo, na sproketi ya mbele yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana ili mnyororo usiruke. Kama krenki yako ina bolti nne za duara la mm 104, meno 32 yanaingia bila shida. Fremu nyingi za wakati ule zilisanifiwa kwa sproketi ya kati ya 32, hivyo springi ya nyuma itafanya kazi ilivyokusudiwa.

*Swali: Nimepata foku ya mm 140, bomba limenyooka, gurudumu 26. Fremu yangu ilikuja na 100. Kaka, niiweke?*

Jibu: Usiiweke, ndugu yangu. Kila mm 20 hulaza shingo kwa takriban nyuzi 1, na hilo linavutia. Lakini mkono wa nguvu unaovuta shingo unarefuka pia, kwenye fremu ambayo pengine tayari imechoka, na siti inalala nyuma hadi kupanda kunakuwa adhabu. Tafuta kwanza kikomo cha kiwanda. Kama hukipati, mm 20 juu ya ile ya awali ndiyo mwisho wangu. Foku nyingi za hewa hupunguzwa urefu kwa kubadilisha shafti ya ndani, kwa hiyo huenda hiyo yako ikashushwa hadi 120.

*Swali: Shokapu yangu inavuja mafuta na sili zake hazitengenezwi tena. Naweza kuweka ndefu kidogo ili nipate mwendo zaidi?*

Jibu: Hapana, dada. Urefu ule ule, mwendo wa shafti ule ule. Shokapu yenye shafti inayotembea zaidi huweza kugongesha tairi kwenye fremu kabla haijafika mwisho wake. Vipimo vya inchi bado hupatikana, vipya na vilivyotumika.

*Swali: Nikiamua kuachana nayo, niiuze nzima au vipande?*

Jibu: Kama ni nzima na inatembea, rudisha vipuri vya awali, iuze hivyo, mlingoti unaoshuka, pedali na breki nzuri baki navyo. Ukiibomoa, vipuri huondoka haraka na fremu hukaa. Mnunuzi wa fremu atakuuliza vitu viwili, bushi za shokapu na kishikio cha kibadilisha gia. Vifungashe kwenye mfuko mmoja uvifunge kwenye fremu siku ile ile unayoifungua.