Sikukuu Mombasa: panga kivuko kwanza

Anayekuja Mombasa kwa sikukuu huuliza kwanza habari za hoteli na chakula. Anza na kuvuka. Kisiwa ni kidogo, kilomita tano kwa tatu hivi, kati ya mkondo wa Tudor na bandari ya Kilindini. Swala za viwanjani, zefe (maandamano ya Maulidi) na matembezi ya Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari, vyote vimo humo, lakini watu wengi hawalali kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,208,333 katika kaunti nzima, na Mvita, ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Katika kila watu wanane, mmoja ndiye wa kisiwani. Saba waliobaki wana milango mitatu.

Mlango wa kaskazini ni Daraja la Nyali. Nyali na Kisauni kwa pamoja zina watu 508,507, na wote hutegemea daraja hilo moja, achilia mbali wanaotoka Mtwapa na Kilifi. Magharibi ni Makupa na Kipevu, njia za Changamwe, Jomvu, uwanja wa ndege na stesheni ya SGR (reli ya kisasa) iliyoko Miritini. Kusini ni feri ya Likoni, yenye watu 250,358 upande wake na wa Kwale juu yao. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: lala upande uleule ilipo shughuli yako kubwa. Kama nia ni kuswali uwanja wa Makadara na kuzunguka Mji wa Kale, tafuta chumba kisiwani hata kikiwa kidogo. Kama nia ni ufuo, kaa Nyali au Bamburi na uje mjini mara moja tu.

Pili, soma mwezi. Sikukuu za Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii. Hesabu kwa mifungo, miezi inayofuata Ramadhani: Idd el Fitr ni mwezi mosi, yaani siku ya kwanza, ya Mfungo Mosi, Idd el Hajj ni mwezi 10 wa Mfungo Tatu, Maulidi ni mwezi 12 wa Mfungo Sita. Mwezi huangaliwa jioni, tangazo la Kadhi Mkuu hutoka usiku, na kuna miaka ambayo wengine huswali siku moja kabla kwa kufuata mwezi ulioonekana nje ya nchi. Usikate tiketi ya kurudi siku ya Idd uliyoikadiria. Acha siku moja kila upande. Msafiri aliyebana ratiba ndiye hujikuta stesheni wakati wenzake wanapakua pilau.

Mwezi huohuo ndio unaoendesha bahari, na wageni wengi hawaliwazi hili. Idd el Fitr huja mwezi ukiandama, basi kila mara huangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za bamvua hapa maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi hadi kumi na moja jioni. Saa hiyo ya kujaa ndiyo familia nyingi zimeshafika Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Viatu vilivyoachwa mchangani saa saba, saa kumi vinaelea. Mahali mtoto alipokuwa akicheza magotini pamekuwa na kina cha mtu mzima. Weka mkeka juu kabisa, mpe mtu mzima mmoja kazi ya kutazama watoto tu, na andika nambari ya simu mkononi mwa kila mtoto. Idd el Hajj ina nafuu: mwezi 10 hukuta mwisho wa maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana.

Bamvua hugusa feri pia. Maji yakipwa, mteremko wa gatini unakuwa mkali. Magari ya chini hukwaruza na upakiaji huenda polepole, hivyo foleni ya asubuhi hurefuka. Mwenye gari akishapanda akaze breki ya mkono na aache gia ndani. Mwenda kwa miguu hacheleweshwi na foleni hiyo wala halipi. Matatu haivuki, unashuka kituo cha Ferry, unavuka, unapanda nyingine Likoni. Wa gari mwenye haraka azungukie Dongo Kundu, njia inayoanzia Miritini na kutokea kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga. Ni ndefu, ila gari linatembea.

Kwa Idd yenyewe: kuwa uwanjani kabla jua halijachoma, ukiwa na udhu na msala wako. Baada ya swala tembelea jamaa kwa miguu, maana Mji wa Kale hauna pa kuegesha. Kama unataka ufuo, vuka Nyali kabla ya adhuhuri. Baada ya saa nane daraja hujaa. Kurudi, ondoka kabla ya magharibi au baada ya isha. Tuktuk mkubaliane bei kabla ya kukaa. Jioni ya kisiwani ni Mama Ngina: muhogo kwa pilipili na ndimu, viazi karai, achari, madafu.

Maulidi haihitaji mbio. Zefe huenda kwa mwendo wa matwari na kaswida, barabara hufungwa kwa muda, na mahali pazuri ni kivulini kando ya njia. Jistiri, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za akina mama.

Navaratri na Diwali, sikukuu za Wahindu, huja kati ya Septemba na Novemba, na mahekalu ya kisiwani huwashwa taa. Vua viatu mlangoni. Vuli huweza kunyesha wakati huo, chukua mwavuli. Disemba ni kaskazi, shule zimefungwa na bara yote inashuka pwani: tiketi za SGR zikate wiki kadhaa mapema, na ukifika Miritini usiku uwe tayari umekubaliana na wa kukupokea, kwani kutoka pale hadi kisiwani bado kuna mwendo.