Kabla ya kung'oa magego kwa ajili ya waya za meno

Ukiambiwa magego manne madogo yang'olewe ili meno yaliyobanana yapate nafasi, utauliza bei, kisha utauliza kama inauma. Uliza pia: waya zikitolewa, meno yatashikiliwa na nini?

Wengi tunadhani jino likitoka, msongamano umekwisha. Kule Seattle, Marekani, Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwapima watu 65 walionyooshwa meno baada ya kung'olewa magego madogo ya kwanza, miaka 10 au zaidi tangu waache ritena, kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa. Matokeo yalitoka 1981: kwa takriban theluthi mbili, mpangilio wa meno ya mbele ya chini haukuridhisha. Mwaka 1988 wakatoa mengine, ya watu 31 waliofikisha miaka 20 tangu waache ritena. Walioridhisha walikuwa kama asilimia 10 tu.

Sisemi using'oe. Kuna mdomo usiofumba bila hivyo. Lakini nyuzi za ufizi zilizovutwa huchukua miezi mingi kutulia, hasa kwa jino lililokuwa limejizungusha, na upinde wa meno ya chini husinyaa kadiri umri unavyokwenda, hata kwa ambao hawajawahi kuvaa waya. Magego ya mwisho husingiziwa tu kwamba ndiyo yanayobananisha meno ya mbele. Usikubali yang'olewe kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya koleo, omba picha na modeli ya plasta ya meno yako yalivyo sasa. Uliza kama chonge za chini zitasukumwa nje, maana hizo ndizo hupenda kurudi zilikotoka. Uliza bei ya ritena ya pili, kwa kuwa ya kwanza itapotea. Ile ya plastiki hupindwa na maji ya moto, na hotelini watu huifunga kwenye tishu, mhudumu akaizoa pamoja na miiba ya samaki. Tembea na kikopo chake.

Ritena ya waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno haipotei, ila ina hila yake. Gundi ikibanduka kwenye jino moja hutahisi kitu, na jino hilo linaanza kusogea taratibu. Pitisha ncha ya ulimi kila usiku unapopiga mswaki. Ukigusa mahali panapokwaruza au panapocheza, nenda kliniki wiki hiyohiyo. Mtoto wa bweni afundishwe hivyo kabla shule hazijafunguliwa.