Jinsi ya kuchagua na kunywa Carmenere ya Chile kwenye joto la Dar

Kama umezoea waini nyekundu zile tamu tamu, ukifungua Carmenere, waini nyekundu ya zabibu yenye jina hilohilo, mara ya kwanza utasikia harufu ya hoho. Usiirudishe dukani, haijaharibika, ndo ilivyo. Harufu hiyo inatoka kwenye kitu kinaitwa pirazini, kipo kwenye zabibu yenyewe na kwenye hoho pia kipo, na kinapungua kadri zabibu inavyoiva. Kwa hiyo hoho kwa mbali, pembeni ya plamu nyeusi na kamoshi fulani hivi, hiyo ni Carmenere nzuri, ila ukihisi kama unakunywa kachumbari ujue hao walivuna mapema.

Na kuvuna mapema kwenyewe kuna stori yake. Hii zabibu kwao ni Bordeaux, Ufaransa, ikapelekwa Chile katikati ya karne ya 19, yaani kabla ya filoksera, kile kidudu cha mizizi kilichofyeka mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860. Bordeaux baada ya lile balaa hawakuhangaika nayo sana maana inachelewa kuiva na hali ya hewa yao haiisaidii. Chile kidudu hakikufika kabisa, ikapona, ila jina ndo likapotea, wakulima wakawa wanaichanganya na Merlot, zabibu nyingine nyekundu, shamba moja, wanaivuna siku moja na Merlot, wakati yenyewe inataka kama wiki tatu zaidi, sasa hoho isijae kwa nini? Mpaka Novemba 1994 ndo Mfaransa mmoja mtaalamu wa mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, akaikagua kwenye mashamba ya kampuni ya waini ya Carmen, bonde la Maipo huko Chile, akawaambia hii sio Merlot jamani.

Sasa dukani. Soma lebo, tafuta majina ya maeneo ya Chile kama Colchagua, Cachapoal au Peumo, huko inaiva vizuri, mimi nikiona Peumo sijiulizi mara mbili. Chupa iliyowekwa dirishani inapigwa jua achana nayo hata kama ina ofa. Kama ni ya koki, kile kizibo cha kuchomoa, shika shingo, ukiona koki imesukumwa juu ujue imepikwa na joto njiani au stoo. Kifuniko cha kuzungusha hakina shida, wala sio dalili ya waini ya bei chee.

Halafu hii ya "waini nyekundu inywewe joto la chumbani" ni ya vyumba vya Ulaya, sio sebule ya Mbagala mwezi wa pili. Inatakiwa nyuzi 16 mpaka 18, kwa hiyo iweke kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi kabla ya kumimina, umeme ukikatika tumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji na barafu, dakika 10 hivi zinatosha. Barafu ndani ya glasi hapana, aisee.

Chakula ni mishkaki, choma ya mbuzi au kitimoto kwa wanaokula, ule moshi wa mkaa unaendana nayo mno. Pilipili punguza, maana kilevi chake mara nyingi ni asilimia 13 na kitu au 14 na kinazidisha muwasho mdomoni. Ikibaki, funga urudishe kwenye friji, siku mbili tatu bado inanyweka, ikizidi hapo mwagia kwenye rosti ya ng'ombe.