Bakshishi ya mhudumu: toa hivi

Nilibeba masinia ya pilau hotelini Mombasa miaka sita, kwa hiyo nisikilize. Kabla hujaagiza, tenga noti ya shilingi 100, ikunje, itie mfuko wa shati peke yake. Ukingojea chenji, ubahili utakushika. Mpe mhudumu mkononi, useme ahsante. Usiiache chini ya sahani, maana anayefuta meza huenda siye aliyekuhudumia. Ukilipia chakula kwa M-Pesa, hela huingia kwa tajiri, basi bakshishi itoe taslimu. Wala usimsimange: Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inakataza kuharibu sadaka kwa masimango. Mteja mmoja aliwahi kunikunjia kikaratasi cha mawaidha badala ya noti. Konda wa matatu hakukipokea.