Tajiri amenunua kiwanja cha jirani: fanyeni haya kabla ya kuandika barua ya pingamizi

Nimekaa mtaa huu wa upande wa Iyunga, hapa Mbeya, tangu mwaka 1993 nilipohamishiwa shule ya msingi ya jirani. Sasa nimestaafu ualimu, nina vyumba vinne vya kupangisha uani, na nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kwa vipindi viwili. Ninayoyaandika hapa niliyajua baada ya kukosea.

Mwaka 2015 mzee mmoja jirani yetu alimuuzia mfanyabiashara kiwanja chake. Yule bwana alitaka kujenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa mbili, vyumba arobaini. Wenye nyumba tukakutana sebuleni kwangu, tukaandika barua ya kupinga. Mwandiko ulikuwa wangu. Tukataja kelele, maadili ya watoto, wageni wasiojulikana. Walisaini watu 31, wote wenye nyumba. Hakuna aliyekumbuka kumwita mpangaji hata mmoja. Mfanyabiashara akachoka na usumbufu, akaenda kujenga kwingine, nasi tukanywa chai kwa furaha.

Lakini wanafunzi hawakuacha kuja. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo hapa hapa Iyunga, na kila mwaka wa masomo ukianza watoto wa watu wanashuka na mabegi wakitafuta pa kulala. Hosteli haipo, basi wakaja kwenye vyumba vyetu. Wanafunzi wawili wakichangia chumba wanatoa shilingi 60,000 kwa mwezi bila shida. Mama mwenye watoto watatu anahangaika kupata 30,000. Nyumba moja baada ya nyingine, familia zikaambiwa kodi imepanda. Nami nilipandisha. Mpangaji wangu wa miaka sita, mama aliyekuwa akiuza viazi Mwanjelwa, alikuja jioni moja, akaweka funguo juu ya stuli, akasema, "Mwalimu, nashukuru kwa yote. Tumepata chumba kule juu." Kule juu ni mlimani, ambako maji ya bomba yalikuwa hayajafika. Wanawe waliokuwa wakitembea dakika kumi kwenda shule, wakawa wanatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na Julai ya Mbeya mnaijua baridi yake.

Ile barua yangu haikumgusa tajiri. Ilimhamisha mama yule. Kwa hiyo alipokuja mwekezaji wa pili, mwaka 2021, niliwaomba wenzangu twende kwa njia nyingine, na ndiyo hii.

Anzeni na daftari la wapangaji. Kabla ya kikao chochote, watu wawili wapite nyumba kwa nyumba wakiwa na daftari la mistari. Andikeni nyumba ina vyumba vingapi, nani anaishi, amekaa miaka mingapi, analipa kodi kiasi gani, watoto wanasoma wapi. Mmoja wao awe mpangaji, kwa sababu mpangaji akimwona mjumbe pamoja na mama mwenye nyumba wamesimama mlangoni hatasema ukweli. Sisi tulimtuma binti mmoja fundi cherehani, mpangaji mwenyewe, na kwake walifunguka. Tulipata kaya 58 za wapangaji kwenye mtaa ambao wenye nyumba wake tulikuwa 34. Niliitazama ile namba muda mrefu. Miaka yote tuliposema "wananchi wa mtaa huu wanasema", tulikuwa tunasema sisi, wachache.

Halafu jueni kinachojengwa hasa. Uvumi wa mtaani huwa mkubwa kuliko ramani. Kwetu ilisemekana ni baa ya ghorofa nne, kumbe ni vyumba 36 vya kupangisha na maduka matatu mbele. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa kwanza, kisha ofisi ya mipango miji ya jiji, mkaulize mambo matatu: kiwanja kimepimwa, kimepangiwa matumizi gani, na kibali cha ujenzi kimeombwa au kimeshatoka? Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kiwanja kilichopangwa kwa makazi hakigeuzwi kuwa cha biashara kimya kimya. Lazima matumizi yabadilishwe kwa utaratibu wake. Mkikuta tangazo lolote limebandikwa, lipigeni picha siku hiyo hiyo na msome mwisho wa kupokea maoni, maana karatasi hupeperuka. Ujenzi ukianza, someni kibao cha mradi getini: mkandarasi ni nani, mhandisi na mbunifu ni nani. Ghorofa linalopanda bila kibao ni jambo la kuulizia siku hiyo hiyo.

Sasa kikao. Sisi zamani tulikuwa tunaita Jumatano saa nne asubuhi. Saa hiyo anayeuza ndizi yuko Kabwe, kijana wa bodaboda yuko barabarani, dada wa kazi hawezi kuacha mtoto. Wanakuja wastaafu na wenye maduka. Iteni Jumapili alasiri, baada ya ibada zote, na tangazo lipite kwa mdomo kwenye mabomba ya maji na kwenye saluni, si kwenye ubao wa ofisi tu. Wapangaji wapewe nafasi ya kwanza ya kuzungumza. Hili lilileta ubishi mkali kwetu, mzee mmoja alisimama akasema mpangaji ni mpita njia, leo yupo kesho hayupo. Binti fundi cherehani akamjibu kwa adabu, "Shikamoo baba. Mimi nimezaliwa mtaa huu, kwenye chumba cha kupanga. Nina miaka ishirini na tisa." Mzee aliketi. Kikao kilibadilika kuanzia hapo.

Mwenyekiti wa kikao aandike maneno kwenye safu mbili. Safu ya kwanza ni yale yanayohusu jengo: maji ya mvua, maji taka, njia, kivuli, vumbi la ujenzi. Safu ya pili ni yale yanayohusu watu: "watakuja wahuni", "wasichana wataharibika", "kabila fulani watajaa". Safu ya pili msiipeleke popote. Haina kipimo, haina mtaalamu wa kuikagua, na ndiyo hiyo iliyotumika kumfungia mlango kila mgeni aliyewahi kuja Mbeya kutafuta maisha, wakiwemo wazazi wa wengi wetu.

Safu ya kwanza ipimeni. Hapa ndipo nguvu yenu ilipo, na hapa ndipo nitakaa kidogo. Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na maji yote ya mvua yanapita kwenye mfereji mmoja nyuma ya kile kiwanja. Tulichukua kamba ya manila, tukafunga fundo kila futi moja, tukaining'iniza ukutani kwa jirani wa chini kabisa. Mvua kubwa ya Machi ikapiga usiku. Asubuhi tukakuta mstari wa tope kwenye ukuta, katikati ya fundo la pili na la tatu. Mfereji wenyewe una upana wa futi moja na nusu na unabeba maji ya nyumba kumi na moja. Sasa ongeza paa la vyumba 36 na uwanja uliomwagwa zege, ambako hata tone moja haliingii ardhini. Picha ya ule mstari wa tope, ikiwa na kamba pembeni, ilifanya kazi kuliko saini zote za mwaka 2015. Afisa hawezi kubishana na tope.

Maji taka vivyo hivyo. Kama hakuna bomba la maji taka, ulizeni karo, yaani shimo la maji taka, lina ukubwa gani, liko umbali gani na visima vya jirani, na gari la kunyonya litapita wapi. Njia yetu ina upana wa mita tatu na nusu. Gari la kunyonya halikuweza kukata kona. Gari la zimamoto ndiyo kabisa.

Baada ya hapo ndipo barua. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani. Kichwa chetu kilisomeka "YAH: MAOMBI YA MASHARTI KWENYE KIBALI CHA UJENZI", na sentensi ya kwanza: "Hatupingi watu kuja kuishi katika mtaa wetu." Kisha tukaomba manne: mfereji upanuliwe kwa gharama ya mwenye mradi hadi kwenye mto, karo likaguliwe na afisa afya kabla ya kufukiwa, uzio urudi nyuma mita moja ili njia ipanuke, na ujenzi usifanyike usiku. Ambatisheni picha, muhtasari wa kikao na mahudhurio yenye safu ya "mwenye nyumba/mpangaji". Pelekeni masijala nakala mbili, moja ibaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Bila mhuri, barua hiyo haijawahi kuwepo.

Mwenye mradi mwiteni mapema, kabla hajachimba msingi. Wetu alikubali mfereji, karo na uzio. Suala la usiku alikubali kwa mdomo na hakulitimiza. Tulisikia mashine ya zege saa tano usiku mara kadhaa. Tulimwomba pia vyumba sita vya chini vipangishwe kwa familia za mtaa kwa kodi ya kawaida kwa miaka miwili. Alitoa vitatu. Hakuna sheria iliyomlazimisha: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa mwaka 2005, na leo bei ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Ndiyo maana jambo hili liombwe wakati yeye bado anawahitaji ninyi, na liandikwe.

Kwa wazee wanaofuatwa na madalali kila wiki: usipokee kishika uchumba siku ya kwanza. Uliza viwanja viwili vitatu vya karibu viliuzwa bei gani, ukiweza lipa mthamini aliyesajiliwa. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na mama asikubali kuambiwa asaini "karatasi ya ushahidi" asiyoisoma. Na kama una wapangaji, waambie siku unapoanza mazungumzo, wasije wakaambiwa na tingatinga.

Anayewahamisha akiwa ni serikali, mambo ni mengine. Wa kandokando ya barabara kuu wanajua, tangu ianze kazi ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. X ya kijani na X nyekundu zinazochorwa kwenye kuta za nyumba si kitu kimoja: ya kijani ni ya anayestahili fidia, nyekundu ni ya aliyehesabiwa kuwa ameingia kwenye hifadhi ya barabara. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mthamini akija, awepo mwenye nyumba na awepo kiongozi wa mtaa, na kila mti uhesabiwe mkiona. Mpangaji mwenye genge au cherehani pale barazani aoneshe biashara yake na leseni siku hiyo hiyo, maana fomu inaanza na mwenye mali.

Mkishindwana na jirani kuhusu mpaka au umiliki, anzeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna mfano ninaowasomea watu kikaoni wakisema wapangaji hawana haki ya kurudi. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa nyumba zikabomolewa. Walikuwa na orodha yao, jina kwa jina, na waliishikilia kwa takribani miaka kumi. Machi 2022 maghorofa yalipozinduliwa, yalikuwa na makazi 644, na wao ndio waliopewa.

Daftari letu bado liko kwangu, kwenye kabati la vyombo. Kila Januari binti fundi cherehani anakuja kulichukua, anapita tena nyumba kwa nyumba. Mwaka huu amenirudishia likiwa na jina la yule mama wa viazi. Amepata kimoja kati ya vile vyumba vitatu vya chini.