Kuonyesha maji yakipwa kwa video ya sekunde 45, kwa simu ya zamani

Simu ya Android iliyowekwa kabatini, hata ikiwa kioo chake kimepasuka, inatosha kabisa kuonyesha kwa muda mfupi jinsi bahari inavyorudi nyuma na ngalawa kubaki mchangani, mradi kamera yake ni nzima. Chagua siku za bamvua, yaani zinazofuatana na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo huko Unguja kina cha maji hupishana kwa takriban mita 4. Siku za maji mafu utaona tofauti ndogo mno.

Anza na hesabu. Maji hupwa kwa saa 6 na dakika kama 12. Ukipiga picha moja kila sekunde 20 utapata picha zipatazo 1,116, na zikipita 25 kwa sekunde, video itachukua sekunde 45 hivi. Hakikisha simu ina nafasi ya gigabaiti 4 au zaidi.

Sakinisha programu mbili, Termux (ya kuandikia amri kwenye simu) na Termux:API (inayoiwezesha kutumia kamera), zote kutoka F-Droid, duka la programu huria, kwa kuwa zikitoka sehemu tofauti hazitashirikiana. Fungua Termux, kisha andika:

pkg install termux-api ffmpeg

Amri zinazopiga picha ni hizi:

mkdir -p ~/picha
termux-wake-lock
while true; do
termux-camera-photo -c 0 ~/picha/$(date +%Y%m%d-%H%M%S).jpg
sleep 17
done

Jina la kila picha ni tarehe na saa yake, hivyo zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Nimeandika 17 badala ya 20 kwa sababu kupiga picha kwenyewe huchukua sekunde kadhaa; pima simu yako na urekebishe. Mara ya kwanza utaombwa ruhusa ya kamera. Acha Termux ikiwa wazi mbele, na upunguze mwanga wa kioo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni uthabiti. Ifunge simu kwenye nguzo au dirisha lisilopigwa na upepo wa kusi, kwa sababu ikisogea kidogo tu katikati ya kazi, picha nzima itaruka na hakuna amri itakayoificha vizuri. Iweke kivulini, kwani jua la mchana hupasha simu joto hadi ikazimika, na uiunganishe na pawabenki. Betri iliyovimba isitumike kamwe.

Maji yakishakupwa, simamisha kwa Ctrl na C, kisha unganisha picha:

ffmpeg -framerate 25 -pattern_type glob -i "$HOME/picha/*.jpg" -vf "scale=1920:-2,deflicker" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p ~/maji.mp4

Neno deflicker lisiachwe: kamera hupima mwanga upya kwa kila picha, na wingu likipita video humetameta vibaya. Kwenye simu dhaifu kazi hii huenda polepole, kwa hiyo iache ichomekwe kwenye umeme. Hatimaye andika termux-setup-storage, ukubali ruhusa, kisha uihamishe video:

cp ~/maji.mp4 ~/storage/movies/