Usiinue msumeno bledi ikiwa inazunguka

Kwenye msumeno wa pembe wa umeme, ule ambao kichwa chenye bledi (kisahani chenye meno) hushushwa juu ya mbao, hatari kubwa huja mbao ikishakatika. Achia swichi kichwa cha mashine kikiwa bado chini, subiri bledi isimame kabisa, ndipo uinue. Ukiwahi, meno hunasa kile kipande kifupi kilichobaki pembeni na kukirusha usoni, kwa hiyo miwani usiivue.

Mbao iliyopinda, mgongo wa upinde uguse ukingo wa nyuma wa mashine, ule unaoegemezewa mbao; ukiigeuza, mkato hujifunga na kubana bledi. Vidole vikae sentimita 15 mbali nayo.

Mkato ukitoka na alama za kuungua, mara nyingi ni utomvu uliogandia meno. Chomoa plagi, fungua bledi, isugue kwa mswaki na maji ya sabuni, ikaushe vizuri.